Gakindu Ni Lazima Ule

Kiwanda cha kahawa cha Gakindu kiko chini bondeni, karibu na maji, na Ngatia alifanya kazi hapo tangu mwaka uliofuata uhuru. Kazi yake ilikuwa kuanika. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, yeye na wenzake waliitandaza juu ya meza ndefu za waya, wakaigeuza kwa mikono mchana kutwa, na mvua ikitishia wakakimbia kuifunika. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyezoea kutazama mawingu kabla ya kujibu swali lolote, hata kama swali halikuhusu mvua.

Siku za kuchuma, akina mama walipanga foleni na magunia yao ya kahawa mbivu wakingoja kupimiwa. Foleni haikwenda. Watoto waliokuja kusaidia kubeba walichoka, wakaanza kurushiana kahawa, akina mama wakaanza kupiga kelele, na karani wa mizani naye akakosea hesabu. Hapo ndipo Ngatia alipoanza kuja na ubao wake. Miraba aliichora kwa rangi iliyobaki wakati mlango wa kiwanda ulipopakwa. Kete alizichonga mwenyewe kutoka kwa mti wa kahawa, ambao ni mgumu na ukisuguliwa unang'aa. Wafalme wake walikuwa na vichwa virefu, na farasi wake walikuwa na masikio makubwa mno, watoto wakawaita punda.

"Mwalimu, punda yako imekufa."

"Haijakufa. Imelala."

Hakuwa mwalimu. Hakumaliza hata darasa la nne. Lakini watoto walimwita hivyo, mwalimu wa chesi, na jina likamkaa.

Sataranji, hiyo chesi, alijifunza kizuizini. Wakati wa hali ya hatari alifungiwa katika kambi moja huko nyikani, na katika kibanda chao kulikuwa na mtu aliyeitwa Moffat, ambaye kabla ya kukamatwa alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja upande wa Naro Moru. Jumapili mchana mlowezi huyo alicheza barazani na jirani yake, na Moffat ndiye aliyepeleka chai. Hakuna aliyemfundisha. Sehemu ya mchezo aliiona akiweka birika, sehemu nyingine aliiona akiondoa vikombe, na sehemu iliyobaki aliijaza kwa mchezo aliokuwa akiujua tangu utotoni, yaani drafti. Kambini walifinyanga kete kwa udongo, wakachora miraba kwenye sakafu, na Moffat akawapa wenzake kila alichokuwa nacho.

Sidhani kwamba Moffat alimdanganya mtu. Nimekaa kwenye mikahawa ya Addis Ababa na ya Bombay nikiwatazama wazee wakicheza mchezo huu, na kila mahali nimekuta kijisheria fulani cha nyumbani ambacho wenyeji wanaapa kwamba kinafuatwa dunia nzima. Tatizo la sheria ya Moffat ni kwamba haikuwa ndogo.

Anayecheza drafti anajua kwamba ukipata nafasi ya kula kete ya mwenzako, lazima ule. Usipokula, mwenzako anaiondoa ubaoni ile kete yako iliyokataa kula, kama adhabu, kisha anacheza zamu yake. Moffat aliihamisha sheria hiyo yote kwenye sataranji. Ngatia aliipokea hivyo, akatoka nayo kizuizini, na watoto wa Gakindu wakakua nayo. Kwao malkia hakuwa na hiari. Akiwekewa askari mdogo mbele ya mdomo, alimla, hata kama alijua kwamba nyuma ya askari huyo kulikuwa na kaburi lake. Walikuwa hodari sana wa kutegeana. Mchezo wa Gakindu ulikuwa wa haraka, wa fujo, na mara nyingi uliisha kabla ya mama kufika kwenye mizani.

Mwaka 1976 alikuja shuleni mwalimu mpya, Magdaline, aliyesomea ualimu na aliyewahi kuona sataranji ikichezwa chuoni ingawa hakuwahi kujifunza. Siku moja aliteremka kiwandani kumtafuta mzazi, akawakuta wanafunzi wake wamezunguka ubao.

"Baba Gathoni," alimwambia Ngatia, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama ilivyo heshima, "hawa watoto wanaweza kwenda Nyeri."

"Kufanya nini?"

"Kucheza. Kuna mashindano ya shule za msingi, shule zote za kuzunguka Mlima. Mwezi wa nane. Kila shule inapeleka wawili."

Ngatia alitazama mawingu. "Wawili ni hawa," alisema, na hakuhitaji kunyoosha kidole, kwa maana Kahiga na Waithira ndio waliokuwa kwenye ubao.

Kahiga alikuwa mvulana wa darasa la tano, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Waithira alikuwa wa darasa la saba. Alicheza akiwa amekaza midomo, mikono ameikalia ili isiguse kete kabla ya wakati. Wanne watakaoongoza Nyeri wangekwenda Nairobi kucheza na watoto wa nchi nzima, na tangu siku aliyosikia habari hiyo Waithira hakuwa na lingine. Mwaka uliofuata hangekuwa mwanafunzi wa shule ya msingi tena. Alikuwa na nafasi hii tu, na alijua. Aliwaambia wasichana wenzake kwamba atakwenda. Akamwambia mama yake. Alimwambia hata karani wa mizani, ambaye alimjibu, "Ukifika Nairobi niletee mkate," na foleni nzima ikacheka.

Walifika Nyeri asubuhi ya Jumamosi, kwenye gari la chama cha ushirika, wakiwa wamekaa juu ya magunia matupu. Kulikuwa na ule ukungu wa Agosti unaoshuka na kukaa juu ya mji kama umelipia nyumba. Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa kanisa. Meza zilipangwa mistari miwili, kete zilikuwa za plastiki, zote sawasawa, na Kahiga alipoona farasi wake hana masikio ya maana alimwonea huruma. Msimamizi alikuwa Theuri, karani wa benki, mtu mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Alisimama mbele akaeleza mambo machache. Ukigusa kete yako, lazima uicheze. Kuongea hakuna. Mwalimu au mzazi akimwambia mchezaji neno moja wakati wa mchezo, mchezaji huyo anatolewa. Wakubwa wote watoke nje, watatazama kupitia madirishani. Kila mtoto atacheza michezo minne.

Hakusema neno lolote juu ya kula. Kwa nini aseme?

Mchezo wa kwanza, Kahiga na Waithira walishinda wote wawili. Wapinzani wao walikuwa watoto waliofundishwa kucheza polepole, na hawakujua la kufanya na watu wanaokula kila kitu. Magdaline alipiga makofi mara moja pale nje, akaona aibu, akaweka mikono mfukoni.

Katika mchezo wa pili Kahiga alikutana na mvulana kutoka Murang'a. Ngatia alikuwa amesimama kwenye dirisha lililo karibu nao, na lilikuwa wazi kidogo. Alimwona Kahiga akinyoosha mkono, akaichukua ngome ya mwenzake, akaiweka kando ya ubao, kisha akasogeza kete yake mwenyewe.

"Wewe, unafanya nini?" mvulana wa Murang'a aliuliza.

"Umekataa kula."

"Nimekataa kukula nini?"

"Askari yangu. Ngome yako ilikuwa inaiona na hukuikula. Sasa ngome inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Inaenda nje."

Theuri alifika kwa hatua zake ndefu. "Kijana, rudisha hiyo kitu."

"Lakini sheria, mwalimu."

"Sheria gani?"

"Lazima mtu akule."

Meza za karibu zilicheka, kisha kicheko kikatembea ukumbi mzima kama maji kwenye mfereji. Theuri alihesabu kete zilizokuwa pembeni, akamuuliza mvulana wa Murang'a kama farasi wake aliliwa. Mvulana alifikiri, akasema hapana, farasi hakuliwa, farasi alipotea tu. Kahiga akaeleza kwa uaminifu kabisa kwamba farasi huyo naye alikataa kula, mapema, akaadhibiwa.

"Nani amekufundisha hii maneno?"

Kahiga aligeuka, akanyoosha kidole dirishani.

Alipoteza mchezo huo papo hapo kwa kuondoa kete za mwenzake. Theuri alitoka nje. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyepewa noti ambayo hajawahi kuiona.

"Mzee, ni wewe umefundisha hawa?"

"Ni mimi."

"Hii ya kukula kwa lazima umetoa wapi?"

Ngatia alitazama juu, lakini kulikuwa na ukungu tu. "Kwa mtu."

"Hiyo ni drafti, mzee. Kwa chesi unakula ukitaka."

"Ukitaka?"

"Ukitaka. Usipotaka unawacha."

Ndani, upande wa pili wa ukumbi, Waithira alikuwa bado anacheza. Alikuwa amesikia kicheko, lakini hakuwa ameinua kichwa. Ngatia alikwenda kwenye dirisha la upande ule, na hapo akaona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa amekitazama kwa miaka. Waithira alikula askari ambaye hakustahili kuliwa, akapoteza tembo, kete ya thamani zaidi. Akala tena, kwa mkono uleule usiosita, kama mtu anayejibu salamu. Aliamini kwamba kila kitu alichowahi kumfundisha kilikuwa sawa isipokuwa hicho kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kila mahali.

"Nikimwambia sasa?" alimuuliza Theuri.

"Neno moja, namtoa. Sitaki, lakini nitamtoa."

Waithira alishinda hata hivyo. Mpinzani wake, msichana wa Karatina, alifanya kosa kubwa mwishoni. Ngatia hakufurahi, kwa sababu alijua kwamba ushindi huo ulikuwa zawadi.

Wakati wa mapumziko walikaa kwenye ngazi za nyuma za kanisa, na Magdaline akagawa viazi vya kuchemsha na chai ya chupa. Kahiga hakula. Wavulana walipita, mmoja akauliza, "Gakindu, mmeshiba?" na mwingine akaongeza, "Usiache kitu kwa sahani, utaadhibiwa."

"Wameniita mwizi," Kahiga alisema.

"Wewe si mwizi," Ngatia alisema. "Kosa ni langu." Kisha akamgeukia Waithira, ambaye alikuwa bado hajaambiwa chochote kwa ukamilifu. "Ile sheria ya kula. Haiko."

"Haiko aje?"

"Ni ya drafti. Kwa chesi unakula ukitaka. Usipotaka unaacha, na hakuna adhabu."

Waithira alishika kiazi chake bila kukiuma. "Kwa hivyo ile siku Kahiga alikula malkia wangu kwa vile ilikuwa lazima nikule punda yake…"

"Haikuwa lazima."

"Na siku ya mvua?"

"Haikuwa lazima."

"Siku zote, mwalimu?"

"Siku zote."

Ngatia alingoja Waithira alie, au amtukane, au angalau amuulize kwa nini. Alichouliza kilikuwa kibaya zaidi. "Sasa nitacheza aje?"

"Kama kawaida. Lakini kabla ya kula, fikiria."

"Fikiria nini?"

Ngatia mwenyewe hakuwahi kufikiria kabla ya kula. Magdaline aliona uso wake, akaingilia. "Baba Gathoni, wacha kwanza. Mtoto amalize chakula."

Mchezo wa tatu ulikuwa mateso. Waithira alikuja kuniambia miaka mingi baadaye, akiwa mama wa watu na bado anaikalia mikono yake anapofikiri, kwamba alijihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba anaweza kutembea kwa magoti akitaka, na ghafla akasahau jinsi ya kutembea. Zamani, palipokuwa na kula, sheria ilimfikiria. Sasa kila kete ilimuuliza swali. Alisita. Alirudisha mkono. Mahali pamoja mpinzani wake, mvulana wa Giakanja, aliacha malkia wazi kabisa, kosa la kitoto, na Waithira akaona mtego ambao haukuwepo, akaogopa, akamwacha. Nje Ngatia alifunga macho. Waithira alishindwa vibaya, na alipotoka hakumtazama mtu.

Basi hesabu ikawa rahisi hata kwa Magdaline. Waithira alikuwa ameshinda miwili. Watatu tayari walikuwa mbele yake, hawapitiki. Nafasi ya nne ilikuwa ya atakayeshinda kati yake na mvulana wa Nanyuki mwenye pointi sawa na zake, na msimamizi aliwapanga wakutane. Sare isingemfaa yeyote, maana nyuma yao kulikuwa na wengine. Atakayeshinda angekwenda Nairobi.

Mvulana huyo aliitwa Olow. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na huenda ndiyo sababu alikuwa na ile tabia ya kumzunguka mtu akimtazama pande zote kabla ya kuzungumza. Mchezo wa tatu alikuwa kwenye meza yake mwenyewe, mbali, hakuona jinsi Waithira alivyoshindwa. Lakini kicheko cha asubuhi alikuwa amekisikia, na katika mchezo wa pili, baada ya kumaliza wake mapema, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Waithira akimwona akila. Alimfuata kwenye bomba la maji.

"Dada, ni kweli huko kwenu ni lazima mtu akule?"

"Nani amekuambia?"

"Ukumbi mzima."

"Basi ukumbi mzima unajua."

Olow alicheka. "Karibu chakula, basi."

Ngatia aliona hayo yote kwa mbali. Alimsogelea Waithira mlangoni, akiwa na maneno ambayo alikuwa ameyapanga tangu mapumziko, lakini msichana alitikisa kichwa. "Usiniambie kitu, mwalimu. Kichwa imejaa."

Akaingia.

Mwanzoni walicheza kwa utulivu, na Ngatia alianza kupumua. Kisha Olow akasogeza askari mmoja mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angemweka, na Waithira akamla. Hakusita hata kidogo. Olow alitabasamu, akatazama pembeni ili tabasamu lisionekane.

"Amerudi kule kule," Magdaline alinong'ona.

Zamu chache baadaye Olow aliweka farasi wake kwenye mdomo wa tembo wa Waithira. Waithira alimtazama farasi huyo kwa muda, mikono ikiwa chini ya mapaja. Akautoa mkono mmoja. Akamla.

Ngatia alijua sasa mvulana anafanya nini, kwa sababu huo ulikuwa mchezo wa Gakindu wenyewe. Kiwandani walitegeana hivyo hivyo. Unampa kidogo, unampa tena, unamzoesha, unamtoa mlinzi mmoja mlangoni na mwingine dirishani, mpaka mfalme abaki peke yake nyumbani. Tofauti ni kwamba kiwandani wote wawili walikuwa wamefungwa na sheria moja. Hapa aliyefungwa alikuwa mmoja.

Kulikuwa na jambo jingine. Huko nyumbani, mtoto akikaribia kufanya upumbavu, Ngatia alikuwa na mazoea ya kusafisha koo. Hakuwahi kukusudia iwe ishara. Ilitoka tu, na watoto wote waliijua. Wakiisikia walirudisha mkono. Sasa koo lilikuwa limemjaa. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Angeweza kukohoa kama mzee yeyote anayekohoa kwenye baridi ya Agosti, na nani angesema nini? Ndani, Theuri alikuwa amesimama karibu na ukuta akimtazama yeye. Waithira aliinua macho, akatazama dirishani moja kwa moja.

Ngatia aligeuka, akaupa ukuta wa kanisa mgongo, akakabili barabara.

"Baba Gathoni, tazama," Magdaline alisema.

"Tazama wewe. Niambie."

"Mvulana amesogeza malkia wake."

"Wapi?"

"Upande wa mfalme wetu. Halafu… ngoja. Waithira amecheza. Sasa yule amecheza tena. Ameacha ngome."

"Ngome imelindwa?"

"Haijalindwa. Iko pale kwa kona peke yake."

"Nani anaweza kuikula?"

"Malkia ya Waithira."

"Malkia ya Waithira imekaa wapi?"

"Mbele ya mfalme."

Ngatia hakuhitaji kuuona ubao. Malkia huyo akienda kona kula ngome, mfalme anabaki bila mlango, malkia wa Olow anaingia, na mchezo umekwisha kwa hatua moja. Watu wawili walipita barabarani wakisukuma baiskeli yenye mzigo wa kabeji, wakamsalimia, na yeye akawajibu bila kuwaona.

"Mvulana ameinuka," Magdaline alisema. "Anajinyoosha. Ati anatazama meza ya wengine."

"Ana uhakika."

"Waithira ametoa mkono."

Koo lilimwasha Ngatia.

"Mkono uko juu ya malkia."

"Ameshika?"

"Bado."

"Mwalimu, ameshika?" Ngatia aliuliza tena.

"Bado, nimekuambia. Uko juu tu." Sauti ya Magdaline ilikuwa imekuwa nyembamba. Kahiga, ambaye alikuwa amejinyanyua kwa vidole vya miguu ili kufikia dirisha, alianza kusema kitu, na Ngatia akamfunika mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kiganja kilichokauka kwa kahawa, na mtoto akanyamaza.

"Amerudisha mkono," Magdaline alisema. Kisha, "Amecheza."

"Amekula?"

"Hajakula. Amesogeza askari."

"Askari gani?"

"Sijui majina yao. Yule mdogo wa kando ya mfalme. Hatua moja."

Ndipo Ngatia alipogeuka.

Ndani, Olow alikuwa amekaa tena, mkono wake ukiwa njiani kumshika malkia ili amalize kazi. Ulisimama hewani. Alitazama kona, ambako ngome yake ilikuwa bado imekaa, haijaliwa. Alimtazama malkia wa Waithira, ambaye hakuwa ametoka mlangoni. Yule askari mdogo alikuwa amemfungia njia, na sasa ni malkia wake Olow aliyehitaji pa kukimbilia, na ngome yake ilikuwa bado mdomoni.

"Kwenu si ni lazima?" alinong'ona.

"Kwetu ndiyo," Waithira alisema. "Hapa si kwetu."

Theuri alisema "Nyamazeni," lakini alichelewa kidogo kulisema.

Waithira aliniambia kwamba hakuwa na mpango tangu mwanzo, na anakasirika watu wanaposimulia kana kwamba alikuwa nao. Yule askari wa kwanza alimla kwa mazoea, mkono ulikwenda wenyewe. Lakini alipoinua macho aliona tabasamu la Olow likikimbilia pembeni, na hapo akaelewa mvulana anaamini nini. Farasi alimtazama kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa akitafuta kama kuna ubaya wowote, na hakuuona, basi akamla kwa sababu alitaka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kula kwa sababu alitaka. Alipofika kwenye ngome, alisema, mkono ulikwenda wenyewe tena. Kichwa kilikuwa kimekwisha kataa, lakini mkono ulikuwa wa Gakindu. Ndiyo maana ulikaa juu muda wote ule.

Haikuishia hapo. Olow alimrudisha malkia wake akailinda ngome. Olow hakuwa mchezaji mdogo, na akiwa amepungukiwa farasi na askari alipigana kama mtu anayegombea kisima. Meza nyingine zilimaliza moja baada ya nyingine, watoto wakasogea, wakasimama kuzunguka, na hakuna aliyetania tena kuhusu chakula. Mara mbili Waithira alikosea na mara mbili ilionekana kama kila kitu kinarudi sawa. Lakini kete zilizidi kupungua, na aliyekuwa na farasi wa ziada alikuwa yeye. Mwishoni mfalme wa Olow alikuwa ukingoni mwa ubao, ngome mbili zikimbana, na mvulana akatafuta pa kwenda, akatafuta tena, akamlaza mwenyewe.

Alimpa mkono. "Dada, nimekulisha mpaka ukanila."

"Asante kwa chakula," Waithira alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonyesha meno.

Theuri alisoma majina manne, la mwisho likiwa la Waithira. Magdaline alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Kahiga alizunguka ukumbi akiwatafuta wale wavulana wa asubuhi. Ngatia alibaki mlangoni na kofia mkononi, na Waithira alipomfikia, wote wawili hawakujua pa kuanzia.

"Mwalimu," msichana alisema, "kuna ingine umetufundisha hivyo?"

"Hivyo aje?"

"Ambayo haiko."

Angeweza kusema hapana. Aliufikiria ubao wa kizuizini, miraba iliyochorwa sakafuni, na Moffat akieleza kwa uhakika wote wa dunia. "Sijui," alisema.

"Nairobi watajua."

"Ndiyo. Watajua."

Ngatia aliingia ukumbini, akamwendea Theuri, ambaye alikuwa akirudisha kete kwenye masanduku, huku vijana wa kanisa wakibeba viti.

"Bwana Theuri, usifunge hiyo ya mwisho. Nataka unionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mzee?"

"Yote. Kutoka mwanzo. Nitakuwa nakuambia vile tunacheza, na wewe unaniambia kama ni ya kweli."

Theuri alitazama saa yake, akatazama mlangoni. Huko nje dereva wa gari la ushirika alikuwa tayari anapiga honi, na Magdaline alikuwa anamwelekea akiwa ameinua mkono, akimwambia angoje. Theuri alivuta kiti kimoja kutoka kwenye rundo, akamwekea Ngatia. Watoto wawili wakasimama nyuma yake. Kete zilipangwa.

"Tuanze na huyu mdogo," Theuri alisema, akimwinua askari. "Akitembea akafika mwisho, upande wa adui, huko kwenu anakuwa nani?"

Ni Kahiga aliyejibu, kwa sauti ya chini, akiwa ameshaanza kushuku.

"Anapewa askari mwingine juu yake," alisema. "Kama kingi wa drafti."

Theuri hakucheka. Alivuta kiti kingine, akakaa.